Nilikuwa tamasha Zanzibar, mama anajua nilikuwa semina Mombasa

Somo shikamoo,

Siku hizi najua kuamkia, nilifundishwa huko huko nitakakokuelezea. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Nakuru, nafanya kazi kwa Sacco moja hapa mjini. Sijaolewa ila kuna mtu tunaongea mambo ya ndoa. Nina furaha imenikwama kooni tangu Februari na sina mtu wa kumwambia, ndio nakuandikia wewe ambaye hunijui.

Hii safari tulipanga tukiwa wanne, marafiki wa tangu chuo. Tulikuwa tunaweka elfu mbili kila mwezi ya kwenda Sauti za Busara, lile tamasha la muziki huko Zanzibar, manake kila mwaka tunaona video za watu tunabaki tu kusema mwaka ujao, mwaka ujao. Kufika Januari wa kwanza mtoto wake akaitwa shule ya mbali, pesa yote ikaishia kwa sanduku na godoro na karo. Wa pili bwanake alikataa. Wa tatu hakukataa wala hakukubali, alinyamaza tu kwa grupu mpaka nikaelewa. Na mimi likizo nishapewa. Nilikaa wiki nzima naangalia hiyo pesa kwa simu nikajiambia nikiirudisha itaenda kwa harambee ya mtu ama simiti ya mtu na Zanzibar nitaiona kwa kalenda. Nikaamua naenda pekee yangu.

Sasa Somo, hapo ndio nilifanya kitu. Mama yangu ana presha, na ni mtu wa kuogopa, ukichelewa kutoka town saa moja jioni amepiga simu mara nne. Nilimwambia Sacco inatupeleka semina Mombasa. Mchumba wangu pia nilimwambia hivyo hivyo. Yeye hana presha, lakini kuna siku tulikuwa tunakula akaanza kuongelea msichana wa kazini kwao aliyeenda Kigali pekee yake, akasema mwanamke akisafiri pekee yake kuna kitu anatafuta. Alisema tu akiendelea na ugali wake, hakuwa ananisema mimi, lakini ilinikaa hapa kifuani mpaka leo.

Nilipanda matatu mpaka Nairobi, nikachukua treni mpaka Mombasa (kwa hivyo Mombasa nilifika kweli, nilimpigia mama simu nikiwa hapo stesheni Miritini ili uongo usiwe mwingi), nikalala, asubuhi nikapanda basi ya Dar. Pale Horohoro waliniuliza kadi ya manjano nikashukuru Mungu niliibeba. Dar nilifika usiku, kesho yake boti. Masaa mawili tu lakini bahari ilinichafua tumbo vibaya sana, mama mmoja tusiyejuana akanipa ndimu akaniambia ninuse nisiangalie maji. Hakuniuliza jina, alinishikia tu begi mpaka tukafika.

Somo, sijui nikueleze vipi. Ijumaa kulikuwa na yale maandamano ya kufungua, matarumbeta ya beni, vijana wanatembea juu ya mironjo mirefu mpaka vichwa vinafika kwa mabalconi, watoto wa madrasa wanakimbia pembeni na sare zao, na mimi nimefuata tu kama mtoto, sijui tunaenda wapi, nikashtukia tuko Forodhani na baharini kule jua linaingia. Nilikula urojo mara mbili. Mara ya kwanza nilisema "nipe urojo" na yule mama akaniangalia kwa upole akasema, mwanangu huku tunasema naomba. Nikasema naomba. Akaniongezea bajia.

Jumamosi usiku ndani ya Ngome Kongwe kulikuwa na kikundi cha taarab, wazee na vijana, wamejipanga na fidla na udi na ile kanuni wanaweka kwa mapaja, na mwimbaji mama mtu mzima amekaa tu kwa kiti hana haraka. Mimi nilikuwa kwa ngazi za mawe nimejikunyata. Kando yangu kulikuwa na mama wa buibui, akanigusa goti akasema mbona umekaa kama uko msibani, nyanyuka ukatunze. Sikujua kutunza ni nini. Akanionyesha wanawake wanaenda mbele polepole, mabega yanacheza, noti iko juu kwa vidole, wanaweka kwa mkono wa mwimbaji na wanarudi bila haraka. Nilikuwa na elfu tano ya Tanzania, nimeikunja mpaka imekuwa ndogo na jasho. Nilienda. Sikuwa najua kucheza hivyo lakini nilienda, na nilipompa hiyo pesa alinishika vidole akavishikilia kidogo, sauti haikukatika hata, ananiangalia macho, kisha akaniachilia. Nilirudi kukaa nikalia. Sikuwa na huzuni Somo, sijui hata nilikuwa nalilia nini. Yule mama alinipa ncha ya mtandio wake nikapanguza.

Kitu kimoja kilinitisha nikwambie. Usiku huo huo nilitoka kama saa saba hivi, simu imeisha chaji, nikaingia kwa vile vichochoro nikapotea. Nilipita mlango mmoja wa kuchongwa mara tatu, niliujua kwa sababu una msumari mmoja wa shaba umetoka. Mara ya tatu nilianza kutetemeka. Kulikuwa na mzee kwa baraza na redio yake, nikamwambia shikamoo nimepotea, akaita juu, mkewe akateremka na kanga na mjukuu, wakanitembeza mpaka mlangoni kwa gesti yangu. Ilikuwa dakika nne tu.

Nilirudi nyumbani Alhamisi. Mama akauliza semina ilikuwaje nikasema ilikuwa sawa. Nilimnunulia kanga Darajani, imeandikwa Nani kama mama, na mpaka leo iko chini ya godoro kwa mfuko wake kwa sababu nikimpa ataniuliza duka gani Mombasa. Picha nimezificha kwa folda. Nikiskia kanuni mahali popote naangalia chini kwa sababu uso wangu utaniumbua. Siku tamu kuliko zote za maisha yangu na nimezigeuza kama wizi.

Sasa nisaidie. Nimwambie mama ama nimwache na presha yake? Huyu mchumba je? Na wale marafiki sasa wamefufuka, wanasema Februari ijayo twende wote na mimi ndiye nipange kila kitu kwa sababu ninajua njia (mmoja nilimwambia ukweli, akawaambia). Mimi nataka kurudi, lakini nataka kurudi pekee yangu, na nikisema hivyo najiskia mchoyo. Ni uchoyo?

Mwenye furaha ya kuficha, Nakuru

*

Marahaba mwari wangu, hujambo.

Nianze na lililonikosesha usingizi, na si mama wala mchumba. Ni ule mlango wenye msumari uliotoka. Miye nimezaliwa humu humu Mji Mkongwe na vichochoro hivi navijua kwa miguu hata taa zikizimika, lakini niliposoma pale nikakuona umesimama saa saba ya usiku, simu imezima, na hakuna mtu hata mmoja duniani anayejua uko wapi. Mama yako anajua uko Mombasa. Mchumba anajua uko Mombasa. Lau ungepatwa na jambo, ukateleza ukavunjika mguu tu, wangekwenda kukutafuta Nyali na Bamburi, na huku wewe uko ng'ambo ya bahari na nchi nyingine. Yule mzee wa barazani Mungu ampe umri, na wazee kama yeye mji huu unao wengi, lakini safari haipangwi kwa kutegemea kwamba mzee atakuwa hajalala.

Hilo ndilo kosa lako, mwanangu, na nalitaja kwanza ili tulimalize. Kwenda peke yako sina neno nalo kabisa. Kwenda bila mtu kujua, hapo nimekukasirikia kama mama.

Haya, sasa hilo la kwamba mwanamke akisafiri peke yake kuna kitu anatafuta. Ndiyo, kipo! Ulikuwa unatafuta muziki na umeupata, ajabu iko wapi. Huku kwetu muziki wenyewe umebebwa na wanawake waliotoka kwao. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alikuwa mtoto wa wafinyanzi wa Fumba, akija mjini kuuza vyungu, na maneno ya kumdharau alitungiwa mengi, na 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri. Hakwenda peke yake, alikwenda na wapigaji wenziwe, lakini alikwenda, wakati ambao hakuna mwanamke wa hapa aliyekuwa amerekodi santuri hata moja. Bi Kidude, mwimbaji mwenziwe wa taarab, ndiyo usiseme, alitoka kwao angali msichana akazunguka bara kwa miguu, na aliporudi akawa anafunda wari kwenye unyago, kazi ya usomo hii hii ninayoifanya mimi hapa kwa kalamu. Alikuwa akipanda jukwaa la Busara na uzee wake ule watu wakabaki midomo wazi. Akatutoka tarehe 17 Aprili 2013. Najua watu, nawajua kwa majina, waliokuwa wakisema mwakani tutakwenda kumwona, mwakani tutakwenda. Na tamasha lenyewe lipo tangu 2004 lakini 2016 halikufanyika, pesa zilikosekana, basi, ukumbi kimya. Kwa hiyo ile wiki uliyokaa unaiangalia pesa yako kwenye simu ukaamua kwenda, mimi nakwambia uliamua vizuri, wala usijutie hata shilingi ya urojo.

Nakueleza na jambo la kutunza maana naona hukuelezwa. Ile noti si malipo, mwimbaji kalipwa na wenye tamasha. Mtu anakwenda kutunza kwa sababu neno limemgusa, na labda limemgusa kwa jambo ambalo hawezi kulisema kwa mdomo wake, anasema kwa mabega na kwa noti. Wanawake wa hapa wamesuluhisha na kugombana na kuombana radhi kwa kwenda mbele namna ile na hakuna aliyetamka kitu. Mwimbaji alikushika vidole kwa kuwa alikuona mgeni na akaona umekuja kwa dhati. Ulilia kwa kuwa ulisema kitu, na unakijua mwenyewe. Usinieleze mimi. Lakini usikae unasema hujui ulichokuwa unalilia.

Tuje kwa mama. Mwambie. Najua presha, nimemuuguza wangu nayo miaka tisa, na najua pia kwamba presha haipandi sana kwa habari ya jambo lililokwisha salama huku mtoto umekaa mbele yako mzima unakunywa chai. Inapanda zaidi kwa kusikia kwa mtu. Na atasikia kwa mtu, kwa sababu wewe umemwambia rafiki mmoja naye kawaambia wawili, sasa mko wanne mnaojua, na Nakuru si kubwa kiasi hicho. Mwambie asubuhi, ameshameza dawa, msiwe na mgeni. Uanze na uongo, usianze na picha. Sema mama, Februari sikwenda semina, nilikudanganya, naomba unisamehe. Halafu nyamaza. Atasema atakayosema, pengine atalia, pengine atakwambia ungekufa huko tusingejua, na hapo usijitetee kwa sababu atakuwa amesema kweli tupu. Picha zitakuja zenyewe baadaye. Kesho yake au wiki ijayo atakuuliza, na huko walikula nini? Mama yeyote atauliza hivyo. Hapo ndipo ufungue folda, na umwonyeshe kwanza yule mama wa boti ikiwa ulimpiga picha, na Forodhani, na watoto wa madrasa, na mwisho umwambie habari za noti yako.

Mchumba naye aambiwe kabla wazee hawajakaa kuzungumza mahari. Simwiti mtu mbaya kwa neno moja alilolisema ana tonge mdomoni, watu husema vitu walivyovisikia kwa wengine bila kuvifikiri. Mpe nafasi. Ila umsikilize vizuri amekasirikia nini. Akikasirikia kudanganywa ana haki yake kamili na umwombe radhi kama ulivyomwomba mama, na ukubali akae na hasira siku mbili tatu. Akikasirikia kwenda kwenyewe, akaanza kukuuliza ulikuwa na nani, akataka simu yako aipekue, basi umepata kujua jambo kubwa ukiwa bado uko kwenu, na hapo uniandikie tena tuzungumze mengine.

Kuhusu marafiki sikai sana. Hapana, si uchoyo. Mtu aliyekunyamazia kwenye grupu mpaka ukaelewa mwenyewe hawezi leo kukufanya wakala wake wa safari. Waandikie namna ya kufika, tena kwa ukarimu, bei za basi na boti, gesti uliyolala, kila kitu. Wakitaka waje. Wewe uwe umeshanunua tiketi yako kwa siku zako, na mkikutana pale ngomeni usiku mkakumbatiana mkacheza pamoja itakuwa raha, kisha kila mtu na chumba chake. Yule wa mtoto wa shule lakini, huyo mimi namwonea huruma, hakuvunja ahadi kwa kupenda. Ukiweza muulize yeye peke yake kama anakosa nauli au anakosa nini hasa.

Na Februari ukija, maana utakuja, tufanye mambo kama watu. Jina la gesti na namba yake ya simu aachiwe mama, na mtu mwingine mmoja kijana anayejua kutumia simu vizuri, pamoja na picha ya pasi yako na siku ya kurudi. Kila usiku ukiingia chumbani unatuma neno moja, "nimeingia", hata saa nane ya usiku. Kichaji cha mkononi kinunue huko huko kwenu, na laini ya hapa watakusajilia kwa pasi yako, usitegemee ile ya Kenya. Gesti chukua ya Shangani au karibu yake ili ukitoka Ngome Kongwe ni njia fupi yenye watu na taa, na mchana ule wa kwanza kabla ya muziki itembee njia hiyo mara tatu, kwenda na kurudi, utafute alama zako mwenyewe, huo mlango wako mmojawapo. Ukitoka usiku usitoke wa mwisho. Ukumbi ukimwagika kuna akina mama wanaelekea mitaa ya hapa, wengine Vuga, wengine Malindi yetu, wengine Kiponda, uliza nani anapita kwako utembee nao, hakuna atakayekukatalia. Tiketi ya boti nunua dirishani. Vijana wa bandarini watakaokukimbilia kukubebea mzigo na kukutafutia tiketi tunawaita papasi, waamkie kwa heshima na uendelee na safari yako. Za tamasha nazo nunua mapema, na usisahau kusema wewe ni Mkenya kwa sababu Mwafrika halipi sawa na mtu wa Ulaya. Mabega na magoti yafunike ukiwa mitaani, si kwa kuwa kuna mtu atakupiga, ni kwa kuwa unapita kwenye mabaraza ya watu na wazee wamekaa. Bahari ikikuchafua tena kaa nyuma ya boti chini, si juu, na ndimu uje nayo mwenyewe safari hii, mbili, moja ya kumpa mwingine.

Yule mzee na mkewe uwapelekee sukari kilo mbili. Nyumba yao utaijua, si unajua mlango.

Kanga itoe chini ya godoro leo, itashika ukungu. Najua hujaikata. Ikate katikati, ipinde ncha kwa mkono wako, na nguo zote mbili uwe nazo siku utakayomwambia mama. Moja mpe ajifunge. Nyingine jifunge wewe, mkae mchambue mboga.

Somo